SOMO LA WIKI: Tangi la choo linavyokula faida ya boti ya watalii

Mfanyabiashara anayenunua boti iliyotumika ili aikodishe kwa watalii huanza na injini. Huomba iwashwe, husikiliza mlio, hutazama rangi ya moshi, kisha hugonga ubavu wa chombo kutafuta palipooza. Ni wachache wanaofunua mbao za sakafu na kuuliza habari za tangi la choo. Wengi hulikumbuka siku mgeni anapoziba pua na kudai arudishiwe fedha zake.

Tuchukue mfano wa boti inayolaza wageni kati ya Unguja na Pemba, yenye tangi la lita 100. Wageni 6 na mabaharia 2, kila mmoja akienda chooni mara 5 kwa siku na kila mara zikitumika lita 2, ni lita 80 kwa siku. Siku ya pili kabla ya adhuhuri tangi limejaa. Safari ya siku 3 uliyoitangaza haiwezekani bila kumwaga njiani, kwa hiyo ujazo wa tangi hili uingie katika hesabu zako kama unavyoingia ule wa tangi la dizeli.

Kumwaga nako kuna sheria. Kiambatisho cha 4 cha mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika Septemba 2003, kinahusu meli za safari za kimataifa zenye tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15. Uchafu usiotibiwa humwagwa kidogo kidogo, zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, chombo kikiwa safarini kwa mwendo usiopungua maili 4 za baharini kwa saa. Uliosagwa na kuuliwa vijidudu huruhusiwa zaidi ya maili 3. Boti yako ndogo huenda isiguswe na mkataba huo, lakini mgeni anayeogelea mita 50 kutoka ulipotia nanga hasomi mikataba. Kanuni za bandari na za hifadhi za bahari ziulizwe kabla ya kununua.

Sasa tuje kwenye harufu, maana ndiyo inayofukuza wateja. Wamiliki wengi hudhani tangi linanuka kwa sababu limejaa. Mara nyingi linanuka kwa kukosa hewa. Uchafu usiopata hewa hushikwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, navyo hutoa hidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza. Manukato huifunika tu kwa muda. Klorini huua hata vijidudu vinavyosaidia, na huharibu mipira ya pampu.

Dawa ni bomba la kupumulia. Chumvi, uchafu na hata nyigu huliziba. Lisukumiwe maji baridi kila mara boti inapooshwa, na kama ni jembamba, tuseme milimita 16, libadilishwe liwe la milimita 25 au zaidi, fupi na lisilo na kona. Bomba hili likiziba kisha ukawasha pampu ya kunyonya, tangi la plastiki hubonyea na linaweza kupasuka. Huo ni ununuzi wa tangi jipya kwa kosa la tundu moja.

Kama hewa inapita na harufu haiishi, shuku mipira. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto, ukikamue, uufunike mpira nacho hadi kipoe, kisha ukinuse. Kikinuka, mpira umeshapitisha harufu na hakuna kusafisha kutakakousaidia. Choo kinachotumia maji ya bahari hujenga pia utando mgumu wa chokaa ndani ya mabomba. Siki nyeupe ikilazwa humo usiku kucha, mara moja kwa mwezi, huulainisha. Vali ya mpira iliyo kwenye mdomo wa pampu ya choo ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na kila kiungo kifungwe klipu 2 zisizoshika kutu.

Fundi asichanganye klorini na siki wala tindikali yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Wala asiingize kichwa ndani ya tangi. Hidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu huanguka akidhani hewa ni safi. Anayeruka kumwokoa bila vifaa humfuata.

Vali ya kutolea uchafu iliyo chini ya maji haihitaji gharama za kupandisha boti chelezoni, kama chombo chako kinaweza kukaa mchangani salama. Subiri bamvua, kiegemeze, maji yakitoka ifanyiwe kazi. Maji mafu hayatakupa nafasi hiyo.

Upande wa fedha, chukulia kwa mfano tu kwamba boti inakodishwa shilingi 600,000 kwa siku. Siku 3 za kutafuta uvujaji msimu wa wageni ni shilingi 1,800,000 zisizoingia, kabla hujamlipa fundi. Kwa hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, mwombe muuzaji alijaze tangi maji safi, mtie alama usawa wake, boti ilale hivyo usiku mmoja ikiwa imetulia. Asubuhi, usawa ukiwa umeshuka au ngama ikiwa imelowa, gharama ya tangi, mipira na siku za kazi itolewe kwenye bei aliyoitaja jana.