Nyumba Hii Ni ya Nani?

Mara nyingi mashauri ya nyumba huletwa kwa wazee wa usharika wakati umekwisha kupita. Mume amefariki, na ndugu zake wamefika kudai funguo. Au mke amerudi kutoka kuuguza mamaye, akamkuta mgeni sebuleni akisema, "Nimeinunua nyumba hii kwa mumeo, na karatasi ninayo." Hapo ndipo swali huulizwa kwa machozi: Nyumba hii ni ya nani? Sisi twataka kuliuliza mapema, mume na mke wangali hai na wangali wakipatana, maana wakati huo jibu lake ni jepesi. Tutatazama sheria za Tanzania Bara, hasa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

1. Ndoa haibadili mwenye mali. Wako wadhanio kwamba mtu akioa, mali yote ya mke huwa yake. Na wako wadhanio kwamba siku ya ndoa kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Wote wamekosea. Shamba alilokuwa nalo mke kabla ya kuolewa labaki kuwa lake, na kiwanja cha mume chabaki kuwa chake. Tena mke ana haki sawasawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na kwenda mahakamani kwa ajili yake.

2. Jina lililoandikwa lina nguvu. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, hudhaniwa kuwa ni yake peke yake, mpaka mwenzake alete ushahidi wa kuipinga dhana hiyo. Ikiandikwa majina yote mawili, hudhaniwa kuwa mafungu yao ni sawa. Lakini kwa habari ya ardhi, sheria ya mwaka 1999 imeongeza neno. Mmoja akipata ardhi ili wote wawili wakae na kuitumia, wote huhesabiwa kuwa na fungu, isipokuwa hati yasema wazi kwamba ni ya mmoja tu. Na hata hapo, mwenzake aliyeilima, akaitunza au kuiendeleza, hupata fungu kwa jasho lake.

3. Nyumba wanamokaa hulindwa zaidi. Hata ikiwa ni mali ya mume peke yake, hana ruhusa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila idhini ya mkewe. Na mke vivyo hivyo kwa mumewe. Yule asiyeandikwa katika hati aweza kupeleka taarifa kwa msajili wa hati, ili nyumba isihamishwe kwa siri. Naye mnunuzi au mkopeshaji yampasa kuuliza kama mwenzi amekubali. Kwa hiyo twawaonya akina mama na akina baba: usitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi ambayo hukusomewa yote. Idhini ni mkono wako mwenyewe, na mkopo usipolipwa nyumba yaweza kwenda.

4. Kazi ya nyumbani ni kazi. Tuchukue mfano. Mume afanya kazi mjini, naye hupeleka fedha za kujengea. Mke abaki kijijini. Huteka maji ya kufyatulia matofali, huwapikia mafundi, hulea watoto. Nyumba imekwisha, na jina ni la mume. Ndoa ikivunjwa, je, mke atoke na sanduku la nguo tu? Sheria ya Ndoa yaagiza mahakama igawanye mali iliyopatikana kwa juhudi ya pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, pamoja na desturi za jamii yao, madeni yao na mahitaji ya watoto. Na mambo hayo yakiisha kupimwa, ielekee kwenye usawa. Zamani mahakimu wengine walisema kwamba kupika na kulea si mchango, ni wajibu wa mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata neno: kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali.

5. Kifo huleta sheria nyingine. Hapa wengi hujikwaa, maana mambo ya kugawana kwa talaka si mambo ya urithi. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba zasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa zake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mahakama ikiona kwamba marehemu aliishi kwa mila, mjane aweza kujikuta mgeni katika nyumba aliyoijenga. Lakini mume na mke waweza kujikinga. Wakiandikishwa kuwa wenye nyumba nzima pamoja, bila mafungu, mmoja akifa yule abakiye huishika yote. Wakiandikishwa kila mmoja na fungu lake, fungu la aliyekufa huingia katika mirathi. Basi waulize ofisini namna ipi yaandikwa, tena waandike wasia mbele ya mashahidi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wako wasemao, "Nikiomba jina langu liandikwe, mume wangu atadhani nangojea afe." Twawajibu: amwandikaye mkewe leo amtunza hata siku asipokuwapo. Nanyi walimu, mwafundishapo wachumba kabla ya ndoa, msiache somo hili, maana kwao kuuliza bado si ugomvi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
Hati ya nyumba yetu iko wapi, na majina gani yameandikwa?
Je, imewekwa rehani, nasi sote wawili twajua?
Mmoja wetu akifa usiku huu, kesho nani atashika funguo?