SOMO LA UFUNDI: KOMPYUTA ISIYOWAKA, NA JINSI YA KUPIMA NA KUBADILISHA PAWA SAPLAI



Katika toleo hili tumeona ni vyema tukuletee somo la ufundi, kwa sababu jambo hili lilitufika sisi wenyewe hapa Tunduma. Siku tatu kabla ya kutoa matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka, kompyuta ya ofisi ya madrasa ilikataa kuwaka. Alama za wanafunzi wote zilikuwa humo, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Fundi tuliyemwita alibonyeza kitufe mara mbili, akasema mazabodi imeungua, tununue kompyuta nyingine. Tulipoipima wenyewe hatua kwa hatua tulikuta mazabodi ni nzima na diski ni nzima. Kilichokufa ni pawa saplai, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta. Kwa hiyo lengo la somo hili ni moja: usihukumu kabla ya kupima.

PAWA SAPLAI NI NINI?

Ni lile boksi la bati lililo ndani ya kasha la kompyuta (kasha ambalo wengi huliita "sipiyu"), pale nyuma unapochomeka waya wa umeme. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa namna ya betri. Kompyuta nyingi za mezani hufuata mpangilio uitwao ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Zijue rangi za nyaya zake:

Njano: volti 12.
Nyekundu: volti 5.
Chungwa: volti 3.3.
Zambarau: volti 5 zinazokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa.
Kijani: waya wa kuiamuru pawa saplai iwake.
Nyeusi: waya wa kurudisha umeme, yaani sifuri.

Baadhi ya pawa saplai mpya zina nyaya nyeusi tupu. Ukiikuta ya namna hiyo usibahatishe, tafuta kwanza mchoro wake.

TAHADHARI

Usilifungue boksi la pawa saplai hata siku moja. Ndani yake kuna kapasita zinazotunza umeme wa zaidi ya volti 300, na umeme huo hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Umeme huo unaua. Vipimo vyote vya somo hili hufanyika nje ya boksi, na mwanafunzi mdogo asivifanye bila mtu mzima kuwa karibu naye.

HATUA ZA KUPIMA

1. Anzia ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu katika soketi ileile. Kisha jaribu waya mwingine wa kompyuta, na uangalie fyuzi ya plagi. Mara nyingi ugonjwa huishia hapa.

2. Tazama nyuma ya boksi. Swichi ya kuwashia iwe upande wa I, siyo O. Baadhi ya maboksi yana pia swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Tanzania na Zambia zote hutumia volti 230, kwa hiyo kifaa kinachofaa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kinafaa na hapa Tunduma. Lakini kompyuta iliyotumika Marekani, ambako umeme ni volti 120, huenda swichi hiyo ikawa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo hapa kwetu, italipuka papo hapo.

3. Tumia pua na masikio. Harufu ya kuungua, mlio usio wa kawaida, au feni iliyoganda kwa vumbi ni dalili za ugonjwa. Kompyuta kujizima na kujiwasha ukiwa kazini ni dalili pia, ingawa joto la prosesa nalo huweza kuleta hali hiyo.

4. Pima waya wa zambarau. Weka malitimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kompyuta ikiwa imechomekwa lakini haijawashwa, gusa zambarau na nyeusi kwa nyuma ya plagi kubwa ya mazabodi. Usipopata volti 5, na umeme wa ukutani upo, pawa saplai imekufa.

5. Iwashe peke yake. Chomoa umeme wa ukutani, kisha chomoa plagi zote za pawa saplai zinazoingia kwenye kompyuta. Unganisha kijani na nyeusi kwa kipande kifupi cha waya, halafu ndipo urudishe umeme. Feni ikizunguka, usishangilie. Yetu ilizunguka vizuri kabisa, lakini waya wa njano ulitoa volti 9 tu.

6. Pima kila rangi. Njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Iliyo nje ya hapo haifai. Ikiwa kompyuta bado inawaka, pima ikiwa kazini, maana pawa saplai dhaifu huweza kuonekana nzima isipokuwa na mzigo.

Vipimo vyote vikiwa sawa, hapo ndipo ushuku kitufe cha kuwashia, memori au mazabodi.

KUBADILISHA

Chomoa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Chora kwenye karatasi kila plagi inapoingia. Chomoa plagi kubwa kwa kubana kishikizo chake, chomoa na ile ndogo iliyo karibu na prosesa, kisha zile za diski. Fungua skrubu nne za nyuma kwa bisibisi na ulitoe boksi.

Usiende dukani mikono mitupu. Nenda na boksi lenyewe, kwa sababu baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe zisizolingana na ATX. Linganisha umbo la boksi, idadi ya matundu ya plagi, na wati. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi kubwa ya picha hutosheka na wati 300.

Ukirudisha, usiisahau ile plagi ndogo ya prosesa. Ukiisahau, feni zitazunguka lakini skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani umenunua kibovu.

KOSA LETU

Tulipofunga pawa saplai mpya kompyuta iliwaka, matokeo yakachapwa, na tukafurahi. Wiki tatu baadaye ile mpya nayo ikafa. Safari hii hapakuwa na fundi wa kumlaumu. Tulikuwa tumebadilisha kifaa bila kuuliza cha kwanza kilikufa kwa nini. Ekstensheni yetu ilikuwa imelegea na kutoa cheche kila mtu alipopita na kuigusa kwa mguu, na umeme ulipokatika hatukuwa tukichomoa chochote, hivyo uliporudi kwa kishindo ulikuta kila kitu kimechomekwa. Tulinunua ekstensheni imara, tukaweka UPS, na tukaanza kutunza nakala ya alama kwenye diski ya nje kila Alhamisi.

HITIMISHO

Ndugu mwanafunzi, huenda kesho ukawa fundi, na mtu akakuletea kompyuta yenye kazi yake ya miaka mingi. Yeye hajui kilichomo ndani, anategemea ulimi wako. Neno "imeungua" ni rahisi kulisema, lakini litamtoa fedha ambazo pengine hakupaswa kuzitoa. Pima kwanza, kisha mwambie ulichokiona.

MASWALI

1. Kwa nini feni kuzunguka si uthibitisho kwamba pawa saplai ni nzima?
2. Waya wa njano umetoa volti 11.1. Utaamua nini?
3. Taja mambo mawili ya kuchunguza baada ya kubadilisha pawa saplai, ili mpya isife kama ya kwanza.