Kufundisha Ulinganifu wa Tovuti na Faharasa ya Utafutaji

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mtu akiandika neno katika kisanduku cha kutafutia, kompyuta husoma kurasa zote za tovuti papo hapo. Sivyo ilivyo daima. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, yaweza kukabidhi utafutaji kwa huduma ya nje kama Algolia, iliyoanzishwa mwaka 2012. Huduma hiyo hutafuta katika faharasa yake yenyewe. Programu-jalizi ndiyo tarishi: habari ikichapishwa, hupeleka nakala, ikisahihishwa, hubadili nakala, ikifutwa, huiondoa.

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini faharasa huachana na tovuti, na madhara yake.

Vifaa: Kadi 20, masanduku 2 na kalamu.

Hatua ya 1. Tuligawe darasa katika makundi matatu: waandishi, matarishi na watafutaji. Waandishi waweke kadi zenye namba katika sanduku la kwanza. Matarishi wanakili kila kadi pamoja na namba yake, waitie katika sanduku la pili. Watafutaji wafungue sanduku la pili tu.

Hatua ya 2. Kadi namba 4, «Mkutano wa wazazi Jumatatu», ibadilishwe kuwa «Jumatano», lakini tarishi azuiwe. Mtafutaji atasoma «Jumatatu». Tuwaulize wanafunzi: mzazi aliyeacha shamba lake akaja bure, kosa ni la nani?

Hatua ya 3. Tarishi apeleke nakala mpya isiyo na namba. Sasa sanduku lina kadi mbili zinazopingana. Wanafunzi watatambua wenyewe kwamba namba ndiyo inayoonyesha nakala ipi ibadilishwe.

Hatua ya 4. Mwandishi aweke kadi yenye alama ya «siri», kwa mfano orodha ya watoto wanaosaidiwa sare. Darasa lijadili: je, tarishi aipeleke? Kilichoingia katika faharasa ya wote husomwa na wote. Kwa hiyo mwenye tovuti huchagua mapema yatakayopelekwa. Vivyo hivyo, ufunguo wa kutafuta waweza kuonekana na umma, bali ufunguo mkuu, wenye uwezo wa kubadili na kufuta, hufichwa.

Zoezi: Masanduku yakiwa yametofautiana sana, wanafunzi waeleze kwa nini ni heri kulimwaga la pili na kunakili kadi zote zinazoruhusiwa upya.

Tusiharakishe kutoa majibu. Mwanafunzi aliyeiona kadi ya «Jumatatu» kwa macho yake hatayaamini tena matokeo ya utafutaji bila kuyahakiki.