Vichomozo vya Mfupa Mgongoni: Elewa Kabla Hujanunua Dawa

Wakazi wengi wa Handeni na Korogwe hulima kwa jembe la mkono na kubeba mizigo mizito. Baadhi yao wametumikia mashamba ya mkonge kwa miaka mingi. Maumivu ya mgongo kwao si mageni. Mgonjwa akipigwa picha ya eksirei, huenda akaambiwa kwamba ana vichomozo vya mfupa, ambavyo wengine huviita miiba. Jina hilo hutisha, na hofu ya mgonjwa ndiyo mtaji wa muuzaji asiye mwaminifu.

Chanzo chake

Kati ya pingili za uti wa mgongo mna diski laini. Kadiri umri unavyosonga, diski hizo hukauka na kupungua unene, nao mwili hujenga mfupa wa ziada kwenye kingo za pingili. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana vichomozo, na wengi wao hawaumwi. Kwa hiyo, kichomozo kuonekana pichani si ushahidi kwamba ndicho kinachouma.

Dalili

Shida huanza kichomozo kinapobana mishipa ya fahamu. Maumivu hushuka mguuni au mkononi, ganzi huingia, au miguu huwa mizito baada ya mwendo mfupi na kupata nafuu mtu anapoketi.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo endapo miguu inalegea, huwezi kuzuia au kutoa haja, au unahisi ganzi sehemu za siri. Aidha, maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Tiba ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali.

Tiba

Hakuna kidonge, mafuta wala mzizi unaoyeyusha kichomozo. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa mazoezi ya viungo, kupunguza uzito wa mizigo na kutumia dawa za maumivu kwa muda mfupi. Diklofenaki na ibuprofeni zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Usizitumie mfululizo bila ushauri wa daktari. Upasuaji huhitajika kwa wachache. Anzia zahanati au hospitali iliyo karibu, kama vile Magunga mjini Korogwe. Ikibidi, utapewa rufaa kwenda Bombo, Tanga, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Kabla ya kulipa

Tunakushauri ukatae dawa isiyo na lebo, hata kama muuzaji anaapa kwamba imeponya wengi. Dawa iitwayo ya asili inayotuliza maumivu kwa saa chache yaweza kuwa imechanganywa na dawa za hospitali kwa siri. Uliza kama imesajiliwa, dai risiti, na tunza pakiti. Ukidhurika, pakiti hiyo itamsaidia daktari kutambua ulichokunywa.