Kovu la Upasuaji wa Kujifungua na Mimba Inayofuata

Upasuaji wa kujifungua huokoa maisha pale unapohitajika: kondo la nyuma linapoziba njia ya uzazi, mtoto anapolala kiubavu, au uchungu unapokwama bila mtoto kushuka. Makala haya hayakusudii kumtia hofu mama aliyeelezwa na mtaalamu kwamba anauhitaji. Yanazungumzia madhara yake, hasa yale yanayochelewa kuonekana.

Madhara ya siku za mwanzo yanafahamika zaidi. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulibaini vifo takriban 5 vya akina mama kwa kila upasuaji 1,000, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Kutokwa na damu nyingi na matatizo ya dawa za usingizi au ganzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo. Maambukizi nayo hupungua sana iwapo antibiotiki itatolewa kabla ya ngozi kukatwa, si baada ya mshono kufungwa. Mama aliyekwisha kurudi nyumbani akipata homa, kidonda kikitoa usaha au kuachia, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akipumua kwa shida, arejeshwe hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kidonda kikishapona, kovu hubaki katika mfuko wa uzazi, na hapo ndipo ushauri wetu wa kliniki mara nyingi huwa mfupi mno.

Hatari ya kwanza ni kovu kupasuka wakati wa uchungu. Kwa mama mwenye kovu moja la mkato wa kulala sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, jambo hili hutokea kwa takriban mama 1 kati ya 200 wanaojaribu kujifungua kwa njia ya kawaida. Wengi wao hufanikiwa kujifungua salama, maadamu wapo mahali penye chumba cha upasuaji kilicho tayari. Mkato wa kusimama uliofika sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi una hatari kubwa zaidi, na mwenye kovu hilo hashauriwi kujaribu uchungu. Kovu la ngozi halitoboi siri: tumbo lililokatwa kwa kulala laweza kuficha mfuko wa uzazi uliokatwa kwa kusimama. Kwa hiyo daktari aliyepasua ana wajibu wa kuandika aina ya mkato na sababu ya upasuaji katika karatasi ya ruhusa, kwa mwandiko unaosomeka, na mama ana haki ya kuidai na kuitunza pamoja na kadi ya kliniki.

Hatari huongezeka iwapo muda kati ya uzazi mmoja na mwingine haufiki miezi 18. Misoprostoli haifai kuanzishia uchungu mimba iliyokomaa ya mama mwenye kovu, na dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ziepukwe kabisa. Maumivu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu, uchungu kukoma ghafla, au mapigo ya moyo ya mtoto kushuka ni dalili zisizosubiri.

Hatari ya pili ni kondo la nyuma kujipandikiza juu ya kovu na kuota mizizi ndani ya msuli, hata likakataa kutoka. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 uliwachunguza pia wanawake ambao kondo lao lilikuwa limeziba njia ya uzazi. Aliyekuwa na kovu moja alikabiliwa na tatizo hili kwa asilimia 11. Mwenye makovu mawili, asilimia 40. Mwenye matatu, asilimia 61. Mara nyingi damu hudhibitiwa kwa kuondoa mfuko wa uzazi tu. Kila mama mwenye kovu apimwe kwa altrasaundi kujua kondo lilipokaa, na likiwa juu ya kovu apangiwe hospitali yenye damu ya kutosha na wapasuaji wazoefu, mapema kabla ya tarehe yake.

Ndiyo maana anayeomba upasuaji pasipo sababu ya kitabibu aulizwe kwanza anatarajia kuzaa watoto wangapi.