Hatua Moja au Mbili? Iulize Boneti Kabla ya Fundi

Nililipia polishi ya hatua mbili na kinga ya seramiki juu yake, nikapewa mafuta ya kuficha mikwaruzo. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala hii, na kinyongo bado ninacho. Gari ni Toyota Mark X nyeusi. Duka liko hapa Dar es Salaam, lina bango kubwa barabarani na chumba cha kusubiria chenye kiyoyozi. Siku ya kulichukua gari, kijana wa mapokezi alinitembeza kulizunguka chini ya taa za ndani, akasema, "Bosi, hapa hata Mjapani aliyelitengeneza halitambui." Liling'aa kweli. Nikalipa bei iliyozidi mara mbili ya ile ya hatua moja iliyobandikwa ukutani.

Gari likaoshwa, likaoshwa tena. Kisha mchana mmoja kwenye foleni ya Mwenge, jua likipiga boneti, nikaiona mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui, imezunguka pale mwanga ulipodunda. Ni ile ile ya zamani. Nilikuwa na hakika, maana karibu na kile kirusha maji cha kioo cha mbele palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu uliopinda mwishoni, na niliupiga picha kabla ya kulipeleka gari. Ulikuwa umerudi mzima, na mpindo wake.

Dukani wakaniambia, "Hilo ni vumbi tu, mzee. Kwani unaoshea wapi?" Sikubishana. Nilikwenda na kichupa cha isopropili iliyozimuliwa na kitambaa cha mikrofaiba. Nikachagua mlango wa nyuma, ambao ulikuwa bado unapendeza, nikapuliza, nikafuta, nikawasha tochi ya simu. Michirizi ikajitokeza mbele ya macho yao. Seramiki iliyoshika haitoki kwa kufutwa hivyo. Mafuta na nta ndivyo vinavyotoka. Meneja akaja, akainama, akaangalia mlango bila kusema neno, kisha akanirudishia tofauti ya bei. Fedha hiyo ndiyo niliyoanzia kununua mashine yangu mwenyewe ya kupigia polishi, na sijapata kufurahia fedha ya kurudishiwa kama ile.

Sasa tuje kwenye swali ambalo watu huniuliza: hatua moja au mbili?

Hatua moja ni dawa moja inayofanya kazi zote. Ndani yake mna chembe za kusugua, mafuta, na nta au silanti ya kukinga inayobaki juu ya rangi. Hatua mbili ni kukata kwanza kwa kompaundi na pedi kali, kisha kusafisha alama za kompaundi kwa polishi laini na pedi laini. Kinga huja baadaye, peke yake. Hatua mbili hutoa mikwaruzo mingi zaidi, na hula zaidi klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu hukaribia mikroni 70. Hiyo ndiyo akiba yako yote dhidi ya jua, na haioti tena. Ndiyo maana sipendi kusikia fundi akisema "tunaipiga tu step mbili" kabla hata hajaligusa gari.

Njia yangu ya kuamua ina sehemu chache, nazipanga hivi.

Ya kwanza ni kuosha vizuri na kupitisha klei ili kutoa uchafu ulioganda. Hapo huhitaji somo langu.

Ya pili ni kuijua rangi yako. Magari mengi ya Toyota yaliyotoka Japani yana kibati chini ya boneti. Tafuta herufi C/TR, namba ya rangi iko hapo. Yangu ni 202, nyeusi inayojulikana kwa ulaini. Rangi laini hukwaruzika upesi, lakini pia hunyooka upesi. Na kwa gari jeusi la zamani, tazama pedi: ikianza kugeuka nyeusi, ujue hakuna klia, unasugua rangi yenyewe. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache, polishi haiufikii.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Naiita kipande cha majaribio, na kama utaacha mengine yote, hili usiliache.

Chukua boneti, kwa sababu ndiyo inayopigwa na jua na kinyesi cha kunguru. Pima eneo la sentimita 40 kwa 40 na uligawe katikati kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Upande wa kushoto piga dawa ya hatua moja kwa pedi ya kati. Pitisha mashine polepole, mistari ikipandana nusu kwa nusu, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, kisha rudia. Polepole maana yake ni sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Fundi anayepeperusha mashine kama anayefukuza nzi hajakata chochote, amepaka tu. Upande wa kulia piga kompaundi, futa, kisha polishi laini.

Mpaka hapo pande zote mbili zitapendeza, na hapo ndipo wateja wengi wanapolipa na kuondoka. Usiamini bado. Chukua isopropili ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji. Soma lebo, maana spiriti nyingine huongezwa mafuta, na mafuta ndiyo tunayotaka yatoke. Usitumie kali bila kuzimua, inaweza kulainisha rangi. Puliza pande zote, acha sekunde chache, futa kwa kitambaa kikavu bila kukandamiza. Rudia kwa kitambaa kingine safi.

Kisha ingia kivulini, au ngoja usiku. Zima taa za dari, washa tochi moja tu, uishike kwa mshazari karibu na macho yako. Taa ndefu za dukani zinatawanya mwanga na kuficha michirizi. Taa moja ndogo haifichi kitu. Osha kipande kile kwa shampuu ya gari, kiache kwenye jua siku nzima, kisha kitazame tena. Kilichobaki kizuri baada ya hapo kimesafishwa, hakikujazwa.

Kwenye Mark X yangu majibu yalinishangaza. Upande wa hatua moja ulibaki safi, utando karibu wote umekwisha. Wa kulia ulikuwa na kina zaidi kidogo, lakini ilinibidi niutafute. Maana yake ni kwamba hatua moja yenyewe haikuwa udanganyifu. Hatua moja iliyofanywa kwa subira ingelitosha gari langu lote. Kilichofanyika dukani kilikuwa kupaka mafuta haraka na kuyaita seramiki. Basi nikapiga milango na paa kwa hatua moja. Boneti peke yake ikapata mbili, kwa sababu kunguru walikuwa wameacha madoa yaliyoingia ndani ya klia. Wengi hudhani ni lazima uchague njia moja kwa gari zima. Chagua kwa kila kipande.

Ya nne ingekuwa kuchagua mashine, lakini hapo namkumbuka shemeji yangu wa Tegeta na Harrier yake nyeupe. Aliona gari langu, akataka hatua mbili. "Shemeji, na mimi nataka ling'ae hivyo hivyo." Nikamwambia, "Jeupe halionyeshi michirizi, shemeji. Unachoona ni madoa ya maji ya kisima." Hakuridhika. Alikuwa ameshapatana na fundi mmoja wa gereji, na nilifika nikamkuta ameshika grainda ya kukatia vyuma, amefunga pedi ya sufi. Grainda hizo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mzunguko hufanya kazi chini ya 3,000. Ukingo wa bampa ulikuwa umeshaungua hadi praima. Nilimsimamisha kwa heshima lakini kwa sauti. Tulifanya kipande cha majaribio hapo hapo kwa mashine yangu ya DA, ile inayozunguka huku ikiyumba ili isilundike joto mahali pamoja. Hatua moja ikatosha gari lote. Shemeji akanyamaza, akaagiza soda. Mashine ya kununua, basi, ni DA.

Kuhusu dawa zenyewe: namheshimu mtengenezaji anayeniambia ninachonunua. Menzerna huandika kwenye chupa kiwango cha kukata na kiwango cha kung'arisha, na Meguiar's na 3M hueleza wazi ipi ni kompaundi na ipi ni polishi. Lakini vile vichupa vinavyouzwa barabarani Kariakoo vimeandikwa "nano" na "9H" kwa herufi za dhahabu, bila jina la kiwanda. Hiyo 9H ni ngazi ya kipimo cha ugumu kinachofanywa kwa penseli. Haikuambii chupa ina nini ndani. Muuzaji asiyeweza kukujibu kama dawa yake ina nta au haina, mwachie chupa yake.

Na jibu hilo lina uzito, kwa sababu linaamua kinga. Ukitaka seramiki, rangi lazima iwe tupu kabisa, haina nta wala mafuta, la sivyo haishiki. Kwa hiyo hatua moja yenye nta na seramiki juu yake haviendi pamoja. Ukichagua hatua moja, ongeza silanti kila baada ya miezi michache, na uoshe kwa shampuu ya gari, kwani sabuni ya unga huondoa kinga mapema. Kwa gari la kila siku la mji wa pwani, lenye chumvi ya bahari na kunguru, mimi nachagua hatua moja na silanti, na klia yangu naitunza.

Ukienda kwa fundi, mwambie hivi kabla ya bei: "Nipigie kipande kimoja kwenye boneti, tufute kwa isopropili, tuangalie kwa tochi yangu, ndipo tupatane." Fundi anayejua kazi atakubali na kuvuta mashine. Anayekataa, shukuru na uwashe gari.