Barua ya Uwakili Haigeuzi Mali ya Mzazi

Mzazi asiyeweza tena kwenda mjini huenda akamwandikia mtoto mmoja barua ya uwakili, ile ambayo ofisini huitwa prokurasio. Kwa barua hiyo mtoto hupokea kodi ya nyumba au malipo ya uzeeni kwa jina la mzazi. Ni jambo jema. Lakini wakili akila fedha hizo, na mama akalala bila chakula wala dawa, yatupasa kufanya nini?

1. Barua hiyo humpa mtoto nini?
Humpa kazi, wala haimpi mali. Yeye ni mkono wa mzazi tu. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, inayofuatwa Kongo hata leo, yamlazimu kutoa hesabu. Tena barua isiyotaja kuuza yamruhusu kutunza mali tu. Hawezi kuuza shamba kwayo.

2. Je, tunyamaze kwa kuwa yeye ni mkubwa wetu?
Hapana. Amri ya nne yatuagiza kumheshimu mzazi kwanza. Na kumnyang'anya mzazi ni wizi, kama amri ya saba ifundishavyo. Walakini tusimtukane, wala tusimtangaze kijijini kabla ya kumsikia.

3. Tuanzie wapi?
Tumwulize mzazi mwenyewe, faraghani. Labda ndiye aliyeagiza fedha zilipe minervali ya mjukuu. Kisha tumwambie mkubwa wetu, mbele ya mzazi na wazee wa jamaa: "Yaya, twaomba utuonyeshe hesabu." Yaandikwe yaliyoingia na yaliyotoka.

4. Na akikataa?
Mzazi mwenye akili timamu aweza kuifuta barua siku yoyote, bila ruhusa ya wakili. Aandike hivyo, aidai karatasi yake, tena awajulishe wapangaji na benki. Kwa maana mpangaji asiyejua kwamba barua imefutwa, akimlipa wakili kwa moyo mnyofu, hatadaiwa mara ya pili.

5. Na ikiwa akili za mzazi zimepotea?
Hapo hawezi kufuta barua mwenyewe. Ndugu waende tribunali: Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yaruhusu mtu wa namna hiyo kuwekewa msimamizi.

Swali la kujiuliza nyumbani: Je, fedha za mzee fulani hupita mikononi mwangu? Akiniuliza leo jioni, nitaweza kumhesabia?